Ngurumo Isiyo na Mvua

Mkulima wa Ugogo hahitaji kufundishwa tofauti kati ya ngurumo na mvua. Inapofika Novemba mawingu hujikusanya, radi hupiga, mbingu hunguruma usiku kucha, na asubuhi udongo ni ule ule wa jana, mkavu na mwekundu. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuhesabu magunia yake ya uwele kwa kusikiliza ngurumo.

Nashangaa basi kwamba katika mji huu huu wa Dodoma watoto na wajukuu wa wakulima hao wameingia katika imani kwamba gari linalonguruma ndilo lenye nguvu. Imani hiyo ina fundi wake, ina duka lake, na ina bei yake. Kijana akinunua Mark II, Chaser, Altezza au Subaru iliyokwisha kutumika Japani, kabla hata hajabadili matairi yaliyolika huambiwa kwamba gari lake limebanwa pumzi. Dawa anayoandikiwa ni ya sehemu tatu: ang'oe manifoldi ya kiwandani na kufunga heda, atoe masega, na akate sailensa. Akitoka gerejini mtaa mzima wa Makole unajua kwamba ametoka. Mimi ni mkazi wa Makole, nami najua pia, hata kama ni saa nane za usiku.

Nataka kugombana na imani hiyo. Sigombani na vijana, wala sigombani na magari. Napenda gari zuri kama mtu mwingine yeyote. Ninachokipinga ni uongo unaouzwa kwa jina la ufundi, na ninaupinga kwa hoja za ufundi wenyewe, maana nimechoka kusikia kwamba sisi tunaolalamika ni wazee tusioelewa injini.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuinamia boneti, nieleze kwanza. Injini huvuta hewa na petroli, huvichoma, kisha hutema moshi. Moshi wa kila silinda hutokea katika tundu lake na kuingia katika manifoldi, yaani chombo kizito cha chuma cha kusubu kilichofungwa ubavuni mwa injini, ambacho hukusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka katika bomba moja la ekzosi. Heda hufanya kazi hiyo hiyo kwa njia nyingine. Badala ya chombo kimoja kifupi, kila silinda hupewa bomba lake, refu kiasi na lililopindwa kwa ustadi, na mabomba hayo hukutana mbele zaidi. Masega ni kile kichujio chenye vijitundu kama vya nyuki ambacho hubadili sumu za moshi kabla hazijatoka, na sailensa ni ile ngoma ya nyuma inayomeza mlio.

Sikatai kwamba heda ni kitu cha akili. Moshi hautoki kama maji ya bomba yanavyotiririka. Hutoka kwa vishindo. Kila kishindo kikipita katika bomba huacha nyuma yake mvuto, na urefu wa bomba ukiwa sahihi mvuto huo hurudi kwenye silinda wakati ule hasa ambapo vali ya kutolea moshi inakaribia kufunga na ya kuingiza hewa imeanza kufunguka. Moshi uliobaki hufagiliwa, na hewa mpya huingia kwa wepesi. Katika injini ya silinda nne inayowaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2, mtengenezaji makini huweza kuunganisha kwanza bomba la 1 na la 4, na bomba la 2 na la 3, ndipo mawili hayo yawe moja, ili kishindo cha silinda moja kisigongane na cha jirani yake. Hiyo ni hesabu, na hesabu hiyo naiheshimu.

Lakini hesabu ina masharti yake, na hapo ndipo muuzaji anapokaa kimya. Watu wa Dodoma wanaijua vizuri ilimba, ambayo marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliifikisha katika majukwaa ya dunia. Kila ufito wa chuma wa ilimba una urefu wake, na ukiurefusha kidogo tu umebadili sauti. Bomba la heda nalo lina urefu na upana unaofaa mwendo fulani wa injini, na kwa mwendo mwingine halifai vile vile. Injini inapozunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hutema moshi mara 50 kwa sekunde. Inapozunguka mara 2,000 hutema mara 17 hivi. Bomba lililopimwa kwa ajili ya 50 haliwezi kuwa sahihi kwa 17. Sasa niambie, msomaji, katika mitaa ya Makole, ambako sheria inatutaka tusizidi kilometa 50 kwa saa, ni lini gari hilo litafika katika mizunguko 6,000 kwa dakika? Na kama likifika, ni mtoto wa nani atakayekuwa anavuka?

Wapo pia wanaonitetea kwa hoja mbovu. Husema kwamba heda haifai kwa sababu injini inahitaji kubanwa kidogo ili iwe na nguvu. Nao wamekosea, na sitaki msaada wao. Injini haihitaji kubanwa. Inahitaji moshi uondoke kwa kasi. Bomba likiwa pana kupita kiasi moshi hupoteza kasi, kama maji ya korongo yanapofika mbugani: hutandaa, hulala, na huacha mchanga. Ndiyo maana gari lililofungwa mabomba mapana huwa zito linapoanza kuondoka, na dereva hulazimika kulikanyaga zaidi. Linapiga kelele zaidi, linakunywa petroli zaidi, na mwenyewe anaamini kwamba linakimbia zaidi.

Rai hii ya heda ilitoka wapi? Ilitoka Marekani, na kule ilistahili. Mwaka 1964 Pontiac ilileta GTO, gari la kawaida la familia lililotiwa injini ya silinda nane ya lita 6.4, na mwaka huo huo Ford ikaleta Mustang. Magari ya namna hiyo yaliuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye kazi aliweza kuifikia, na kiwanda kilibana fedha mahali pasipoonekana. Manifoldi nyingi za injini zile zilikuwa chombo kifupi chenye kona kali, kilichotengenezwa ili kiwe rahisi, kienee katika nafasi finyu, na kisipasuke. Injini kubwa ilikuwa inapumulia tundu dogo. Mtu aliyefunga heda nzuri na kuirekebisha kabureta alipata nguvu ya kweli, na aliipata mahali ambapo angeweza kuitumia.

Tumeichukua dawa ile na kuipeleka kwa mgonjwa mwingine. Injini ndogo ya Kijapani ya lita 2, iliyobuniwa miaka thelathini baadaye, inayopimiwa petroli na kompyuta kwa kusoma moshi wake wenyewe, haina ugonjwa ule wa GTO. Walioibuni walikwisha kuipimia njia ya moshi. Ipo nafasi ya kuongeza kidogo, lakini ni kidogo kweli, na hupatikana tu ikiwa mambo mengine yamebadilishwa kwa pamoja.

Tena tusisahau mahali tunapoishi. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kupanda tu uwanda huu. Kijana anayelipia heda ili apate ongezeko dogo analoahidiwa hajui kwamba nchi yenyewe imekwisha kumkata zaidi ya hilo alipopanda kutoka pwani. Hakuna bomba litakalomrudishia hewa ambayo haipo.

Atasema: lakini Subaru je? Ule mlio wake wa kukokota, wa "bubububu", si ndio mlio wa nguvu? Hapana. Mlio ule ulitokana na mabomba yasiyolingana urefu. Injini ya Subaru ina silinda mbili kushoto na mbili kulia, na moshi wa upande mmoja ulikuwa na safari ndefu kuliko wa upande wa pili, hivyo vishindo vilifika kwa kupishana vibaya. Baadaye kiwanda chenyewe, katika magari yake makali ya tabo yaliyouzwa Japani, kiliweka mabomba yaliyolingana ili tabo ipate pumzi iliyo sawa. Mlio ukatulia, gari likawa jepesi zaidi kuitika. Wapenzi wa Subaru wengi walisikitika. Yaani walikuwa wanapenda kasoro, na ilipotibiwa wakalilia ugonjwa. Sijui mfano ulio bora kuliko huu wa kuonyesha kwamba mlio na nguvu ni vitu viwili.

Na kama mtu anataka ushahidi wa Afrika Mashariki, upo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, msimu wa Pasaka, mvua zikiwa zimeharibu barabara. Mwaka 1964 Wamarekani walikuja na kikosi cha Mercury Comet, magari ya silinda nane yaliyotayarishwa kwa fedha nyingi. Ngurumo ilikuwapo. Mshindi wa mwaka ule alikuwa Peter Hughes na Ford Cortina GT ya lita 1.5. Zile Comet hazikuukaribia ushindi. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404, gari ambalo wazazi wetu walilijua kama gari la heshima la kupandia abiria na mizigo. Barabara zetu zimekwisha kutoa hukumu juu ya jambo hili, na zimeitoa zaidi ya mara moja.

Najua mtaalamu mmoja atanikatiza hapa na kusema kwamba Cortina GT yenyewe ilitoka kiwandani na manifoldi ya mabomba manne. Namshukuru, maana ananisaidia. Ilitoka nayo pamoja na kemshafti yake, kabureta yake na vali zake, vyote vimepimwa kwa pamoja na watu waliojua wanachokitafuta. Hakuna aliyeichomelea chini ya mwembe kwa mabomba yaliyobaki kwenye kazi ya madirisha.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera kuliko yote. Mpwa wangu, mtumishi wa serikali aliyeletwa Dodoma na ule uhamisho wa wizara ulioanza mwaka 2016, alipeleka gari lake katika gereji moja ambayo sitaitaja. Alilipa zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja. Siku ile ile alinipitia nyumbani kunionyesha.

"Shikamoo mjomba. Umelisikia?"

"Marahaba. Nimelisikia tangu ukiwa barabara kuu. Na hiyo taa ya injini kwenye dashibodi ni ya nini?"

"Fundi amesema nisiijali. Eti itazima yenyewe."

"Na masega yako yako wapi?"

"Amesema hayana kazi, mjomba. Nimemwachia."

Taa ile haikuzima yenyewe. Sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo jicho la kompyuta, ilikuwa inaona hewa ya nje iliyopenya katika kiungo kilichochomelewa ovyo, ikadhani petroli ni haba, ikaamuru iongezwe. Mafuta ya wiki yakawa ya siku tano. Lakini haya ni madogo. Kubwa ni yale masega aliyoyaacha. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, na mwaka 2021 bei ya rodi ilipanda hata ikaizidi ya dhahabu zaidi ya mara kumi. Kuna wanunuzi wa masega, na mafundi wanawajua. Kwa maneno mengine kijana alimlipa mtu ili amng'olee kitu cha thamani kuliko vyote katika ekzosi yake, akamwachia, akasema asante. Mwizi wa kawaida angalau hakudai ujira.

Nakiri kwamba zamani kuyatoa masega kulikuwa na sababu. Petroli yenye risasi huyaua masega, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006. Kabla ya hapo fundi aliyeyatoa alikuwa anatoa kitu ambacho kingekufa tu. Baadaye tulikuwa na msiba wa mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa, hata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa kishawishi hicho. Lakini sababu zikiondoka, desturi nayo ingepaswa kuondoka. Masega yakiziba, yapimwe na kubadilishwa. Hatung'oi figo kwa sababu mtu amekunywa maji machafu.

Najua pia nitajibiwa kwamba mafundi nao wana watoto. Ni kweli, na wachomeleaji wa Dodoma ni watu wenye mikono ya ajabu. Nimewaona wakiunga vyuma ambavyo wengine wangevitupa. Kazi ya halali ipo tele. Ekzosi zilizotoboka, vishikio vilivyokatika kwenye matuta, gasketi zilizoungua, sailensa zilizoliwa na kutu: hizo ni ajira za mwaka mzima. Fundi haheshimiki zaidi kwa kuharibu kilicho kizima.

Nitaambiwa hatimaye kwamba gari ni lake, fedha ni zake, na starehe ni yake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama moshi na mlio vingebaki ndani ya gari. Makole ina kituo cha afya, ambako akina mama huenda usiku na wagonjwa hulala. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, kanda ya Ulaya, lilipendekeza kwamba kelele za barabarani usiku zisizidi wastani wa desibeli 45, kwa sababu juu ya hapo usingizi huharibika na afya pamoja nao. Desibeli hazihesabiki kama shilingi: zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imezidi mara kumi. Mama aliyejifungua jana hakuchangia gari la mtu yeyote, basi kwa haki gani alipie starehe yake? Kuhusu moshi, ekzosi inayovuja karibu na injini huweza kupenyeza ndani ya gari hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Anayekaa kwenye kiti cha nyuma na kusinzia ni mtoto wa mwenye gari mwenyewe.

Je, nasema mtu asifunge heda kamwe? La. Nasema achague kama mtu mzima anavyochagua, na asichaguliwe. Kwanza ahakikishe injini ni nzima: plagi, kichujio cha hewa, mgandamizo wa silinda, breki na matairi. Gari lisiloweza kusimama halina haja ya kukimbia. Kisha amwulize muuzaji, mabomba haya yamepimwa kwa mizunguko mingapi ya injini? Asiyejua jibu hauzi heda, anauza mabomba. Kwa gari la mjini na safari ya Singida au Iringa, mabomba membamba yanayoungana mawili mawili kabla ya kuwa moja yanafaa kuliko mapana yanayokutana yote mahali pamoja. Aangalie unene wa chuma, na bamba la kufungia lililonyooka, maana bamba likipinda gasketi itaungua kila mwezi. Chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini chuma chepesi cha kawaida kikichomwa na moto kila siku hupasuka, na hapo rahisi huwa ghali. Apime nafasi iliyobaki chini ya gari, kwa sababu heda ndefu hushuka, na matuta yetu hayana huruma. Sensa iwe na tundu lake sahihi. Masega yabaki, sailensa ibaki; heda nzuri haihitaji kuviondoa ili ifanye kazi.

Na jambo la mwisho, ambalo kwangu ndilo la kwanza, ni kipimo. Kabla ya kulipa, apite na fundi katika mlima mmoja, kwa gia moja, kuanzia mwendo mmoja, waandike sekunde kwenye karatasi. Wakishafunga warudi mlima ule ule. Apime na lita za petroli za wiki moja kabla na wiki moja baada. Fundi anayeamini kazi yake hatakataa. Atakayekataa, akasema "wewe sikiliza tu mlio wake", amekwisha kukuambia anachokiuza.

Mji wetu ulitangazwa makao makuu mwaka 1973 na ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Magari yataongezeka, na sina ugomvi na hilo. Ila jiji hujengwa na watu wanaolala usiku ili wafanye kazi mchana. Wewe mwenye gari lako Makole, Chang'ombe au Area C, nakuomba jambo moja tu: kabla hujafungua pochi, dai karatasi yenye sekunde na lita. Ukiletewa, funga heda yako, nami nitakupongeza. Usipoletewa, acha kile chuma kizito cha kiwandani kikae mahali pake, tia fedha hizo kwenye matairi, na utuache tulale.